Sentensi Moja Nyuma

Mwalimu Nasike hakuwahi kumsubiri mhubiri; mhubiri ndiye aliyemsubiri yeye. Hivyo ndivyo watu wa Kitengela walivyosema, na hawakusema kwa kumfurahisha. Tangu mwaka wa 1992, kanisa lilipokuwa mabati machache na viti vya kuazima, yeye ndiye aliyesimama kando ya kila mhubiri aliyekuja na Kiingereza chake, akakigeuza Kiswahili kabla hakijapoa. Mhubiri akiinua mkono, naye anainua. Mhubiri akipiga goti, naye anapiga, na hilo lilikuwa goti la mama wa watoto watano. Kwenye mkutano wa injili wa Kajiado mwaka wa tisini na tano alitafsiri saa tatu mfululizo juani bila kuonja maji, na mhubiri mgeni aliposhuka jukwaani alimshika mkono akamwambia hajapata kuona mtu wa namna hiyo.

Hayo ni ya zamani. Haya ni ya mwaka wa 2004, Nasike akiwa na miaka sitini na miwili, amestaafu ualimu miaka saba iliyopita, na ameanza kuchelewa.

Kuchelewa kwenyewe hakukupigiwa mbiu. Kulianzia jikoni. Nasike alikuwa mtu wa kusonga ugali, kusikiliza taarifa ya habari na kumsomea mjukuu imla, yote kwa mpigo, na ugali usitoke na madonge. Sasa akisonga ugali alitaka redio izimwe. Akishika ile simu ya mkononi aliyoletewa na binti yake, maziwa yalifurika na kumwagika huku anayatazama. Watu wawili wakimsemesha kwa pamoja, hakumpata hata mmoja. Barabara ya Namanga, ambayo zamani aliivuka na kikapu mkononi huku akisalimiana na watu wa ng'ambo, sasa aliivuka baada ya kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na ole wake atakayemsemesha wakati huo.

Mumewe Elphas, karani mstaafu wa reli ambaye maisha yake yote hakuharakishwa na kitu, aliyaona hayo na wala hakusikitika. Kama watu wote, naye alimwita mkewe mwalimu.

"Karibu, mwalimu," alimwambia kutoka nyuma ya gazeti. "Huku kwetu ndio huku."

Nasike alidhani ni masikio. Akaenda hospitali Kajiado, na aliyempima alikuwa Isaac, kijana ambaye Nasike aliwahi kumfundisha darasa la tatu na kumchapa kwa sababu ya hesabu za kugawanya. Isaac alimvalisha vifaa vya masikioni, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Aliinua kila mara.

"Masikio ni mazima, mwalimu," Isaac alisema. "Sauti inafika. Ni vile tu ikifika, kuipanga kunachukua muda kuliko zamani. Na ukipewa mambo mawili, kuruka kutoka kwa moja kwenda kwa lingine pia kunachukua muda. Si ugonjwa. Ni miaka. Hata mimi nitafika huko."

"Na dawa?"

"Fanya kitu kimoja kwa wakati. Na watu wakikuongelesha haraka, uwaambie waende polepole."

Nasike alishukuru, akarudi nyumbani, na katika hayo mawili hakufanya hata moja. Amwambie mhubiri aende polepole? Yeye? Heri angepanda madhabahuni na kandambili.

Badala yake alibuni ujanja. Kila Jumamosi aliuliza somo la kesho ni lipi, akalisoma mara tatu, akajipangia kichwani mambo ambayo mhubiri angesema. Haikuwa kazi ngumu. Alikuwa ametafsiri wahubiri miaka kumi na miwili, na wengi wao hupita njia moja kama ng'ombe wa kwenda kisimani. Kwa hiyo akibaki nyuma alishika maneno mawili matatu ya sentensi iliyomponyoka, akaimalizia kwa vile wahubiri humalizia. Mara tisa kati ya kumi alikuwa sawa. Ile ya kumi haikumdhuru mtu.

Hakuna aliyemwambia lolote isipokuwa Mzee Katoo, aliyetoa kiwanja cha kanisa, na ambaye hakujua Kiingereza bali Kimaasai na Kiswahili. Alimngoja siku moja mlangoni baada ya ibada.

"Sopa, mwalimu," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Siku hizi unatupumzisha," mzee alisema. "Zamani ulikuwa unatukimbiza."

Alisema kwa wema kabisa. Nasike alikasirika wiki nzima.

Kisha, mwezi wa tatu, akaja Pasta Sydney Obura. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, ametoka chuo cha Biblia Nairobi, na alihubiri kwa Kiingereza kwa sababu wapangaji wapya wa Kitengela, wale wanaofanya kazi mjini na kulala huku, ndicho walichotaka. Wenyeji na akina mama wa sokoni walihitaji Kiswahili, kwa hiyo Nasike aliendelea kusimama pale pale. Pasta Sydney alikuwa kijana mzuri, mnyenyekevu, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Ila alisema kama mvua ya mabati. Na tena hakupita njia ya ng'ombe. Alichukua andiko ambalo kila mtu analijua, akaligeuza upande ambao hakuna aliyewahi kuutazama. Nasike alirudi nyumbani kila Jumapili kichwa kikimgonga, akalala hadi saa kumi, na Elphas akajipakulia mwenyewe.

Hapo ndipo jambo la Mbeke lilipoingia.

Mbeke alikuwa fundi wa nguo, na kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara, chumba cha kulala kikiwa nyuma yake. Mumewe, Maweu, alikuwa akimpiga. Januari akina mama wa kanisa walikuja na fundi, wakabadilisha kufuli, wakampa Mbeke ufunguo mmoja tu uliokuwapo. Maweu alizunguka siku mbili akitukana mlango, kisha akaenda zake Kimana kufanya udalali wa vitunguu. Sasa ilikuwa Agosti, na alikuwa ametuma ujumbe na dereva wa lori: ameokoka, ameacha pombe, anataka kurudi nyumbani kwake.

Alhamisi Nasike alikwenda kupimwa rinda. Mbeke alimzungushia futi kiunoni mara tatu bila kuandika kitu.

"Mwalimu, nifanye aje?" aliuliza hatimaye. "Moyo unataka, na mgongo unakataa."

Nasike alimwonea huruma sana. Lakini pia aliogopa kutoa shauri la nyumba ya mtu.

"Hilo si langu kuamua," alimjibu. "Njoo Jumapili. Nitamwomba pasta aguse hapo. Utakavyosikia, ufanye."

Na kweli alimwomba. Alimwambia pasta kwamba kuna mama mmoja, bila kutaja jina, mumewe alikuwa akimuumiza na sasa anaomba kurudi. Pasta aliandika katika kijitabu chake, akasema somo litakuwa Mathayo kumi na nane, mahali Petro anapouliza ndugu asamehewe mara ngapi. Jumamosi Nasike alilisoma lile somo mara tatu. Saba mara sabini. Alijua hotuba nzima kabla haijahubiriwa.

Jumapili ile upepo wa Agosti ulikuwa ukitikisa mabati, mtoto mmoja alikuwa analia nyuma, na kipaza sauti kilikuwa kinakoroma. Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha pasta alishuka madhabahuni, akaanza kutembea katikati ya viti, akisema haraka kuliko siku zote, maana alikuwa amefika kwenye jambo lililomchoma. Nasike alimfuata nyuma. Alikuwa bado anamalizia habari ya Petro wakati pasta alipoanza nyingine, na alipoimaliza ya Petro, ile nyingine ilikuwa imekwisha kupita na ya tatu inaanza. Maneno yenyewe aliyapata. Samehe. Ufunguo. Mume. Mlango. Alichokosa ni nafasi ya kuyapanga. Watu walikuwa wanamtazama, nyuso mia mbili, na kimya cha mtafsiri kanisani ni kama kimya cha injini angani.

Akafungua kinywa.

"Ukimsamehe mtu, mrudishie ufunguo!" alisema kwa ile sauti yake ya Kajiado. "Hata kama mume wako alikuumiza, mfungulie mlango, na Bwana ataingia pamoja naye!"

Amina ile ilitikisa mabati kuliko upepo. Akina mama walipiga vigelegele. Kwenye kiti cha tatu Mbeke aliinamisha kichwa akalia. Pasta, ambaye mawazo yake yalikuwa tayari kwenye sentensi inayofuata na hakuwa akisikiliza tafsiri, alisimama kidogo, akashangaa jinsi neno lilivyowagusa, akatabasamu, akaendelea. Nasike alitoka kanisani siku hiyo akiwa na furaha, akijiambia bado yumo.

Siku kumi na moja baadaye aliletewa habari kwamba Mbeke amelazwa Kajiado. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Maweu alikuwa amekamatwa, yuko ndani.

Alimkuta ameegemea mto, mkono una plasta hadi juu ya kiwiko, jicho moja limefumba. Mbeke hakulalamika. Alisema kwamba Maweu alikaa vizuri siku sita.

"Wazee wa kwao Maweu wanakuja Jumamosi kutoka Machakos," aliendelea. "Wanataka nimsamehe, nitoe kesi. Nitaitoa."

"Mbeke! Utaitoa?"

"Sasa nifanye nini? Pasta alisema nimfungulie. Nilimfungulia. Neno ni lile lile, mwalimu, halibadiliki juu mkono umevunjika."

"Pasta alisema hivyo?"

Mbeke alimtazama kwa lile jicho moja. "Si ni wewe ulituambia?"

Nasike alijaribu kukumbuka Kiingereza cha pasta Jumapili ile, sentensi yenyewe, na hakukiona. Aliona maneno manne tu yaliyosimama peke yake, na kando yake Kiswahili chake mwenyewe, kimekamilika na kinameremeta. Akaaga mapema.

Alipofika Kitengela hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Gakuru, aliyerekodi hotuba za kila Jumapili kwenye kanda ili wagonjwa wasikilizie nyumbani, akaazima ile ya Mathayo kumi na nane. Saa tisa alasiri alikuwa mezani kwake na redio kaseti, Elphas amekaa mkabala naye na gazeti lake.

Sauti mbili zilikuwa zinafukuzana kwenye kanda. Alipeleka mbele, akarudisha, akapafikia mahali penyewe. Akabonyeza kitufe, kanda ikasimama. Akacheza sentensi moja, akasimamisha. Nyingine, akasimamisha. Na kila aliposimamisha, alitafsiri kwa sauti, pale pale mezani.

"Kumsamehe mtu na kumrudishia ufunguo ni mambo mawili tofauti," alitafsiri. "La kwanza Bwana ameliagiza. La pili hajaliagiza. Kama mume wako alikuumiza, msamehe ukiwa ndani, mlango umefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwako."

Hakuacha hata silabi. Alipata hata ule mzaha mdogo wa mfukoni, ambao pasta aliusema kwa kupigapiga mfuko wa koti. Elphas alishusha gazeti.

"Hapo umeshika yote," alisema.

"Kwa sababu nimemsimamisha."

Akaacha kanda iende. Ikaja sauti yake mwenyewe: mfungulie mlango, na Bwana ataingia pamoja naye. Aliisikiliza mara mbili. Haikutetemeka. Haikusita mahali. Mtu akiisikia angeapa kwamba mwenye sauti hiyo anajua anachosema, na hilo lilimtisha Nasike kuliko kosa lenyewe. Alikuwa akidhani siku akishindwa atagugumia, watu wamwonee huruma, naye ajue. Kumbe aliweza kushindwa huku anapigiwa vigelegele.

"Nilisikia Jumapili ile," Elphas alisema polepole.

"Ulisikia nini?"

"Niko na Kiingereza cha reli tu, lakini hiyo nilishika. Pasta alikuwa anaenda kulia, wewe ukaenda kushoto."

"Na ukanyamaza?"

"Nilisema ni bahati mbaya ya siku moja." Alikunja gazeti. "Na tulipofika hapa kuku alikuwa tayari."

Nasike alitamani kumrushia redio. Kisha akafikiria wale wapangaji wote wenye Kiingereza chao, safu nne nzima upande wa kushoto, ambao lazima walisikia pia. Wangemsahihisha vipi? Mwalimu mzima, mbele ya watu, mwenye umri wa mama zao? Walimheshimu. Walikaa na heshima yao, wakasema amina.

"Mkono umevunjwa na Maweu," Elphas alisema. "Si wewe."

"Najua."

"Basi?"

"Jumamosi Mbeke anatoa kesi kwa sababu ya maneno yangu. Anadhani ni ya pasta, na ya pasta anadhani ni ya Mungu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Elphas hakurudi gazetini. Nasike alikaa akitazama redio. Aliogopa, na tusimfiche. Alijua kwamba akilisema jambo hili hatasimama tena kando ya mhubiri maishani mwake. Alijua pia kwamba akilinyamazia hakuna atakayemuuliza. Tayari akina mama walikuwa wananong'ona sokoni kwamba kijana huyu wa Nairobi ndiye aliyemponza Mbeke na mahubiri yake. Ingetosha kukaa kimya, na pasta angebeba. Wazo hilo lilimpitia, na liliketi naye muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye.

Ijumaa Mbeke aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alasiri Nasike alifika kibandani na redio ndani ya kikapu. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na rinda lake Nasike lilikuwa limening'inia ukutani, bado lina mkono mmoja. Aliiweka redio juu ya cherehani.

"Nitakuchezea hotuba ya ile Jumapili," alisema. "Nitasimamisha kila sentensi, nikutafsirie. Ukiona nakimbia, niambie."

"Kwani tuliikosa?"

"Wewe hukukosa. Mimi ndio nilikosa."

Akacheza. Akasimamisha. Akatafsiri. Mbeke alisikiliza, mkono wa plasta umelala mapajani. Walipofika kwenye ufunguo na mfuko, aliinua kichwa. Kisha akasema, "Rudisha." Nasike alirudisha. "Tena." Akarudisha tena. Mara ya nne Mbeke mwenyewe alibonyeza kitufe kwa mkono wa kushoto, akasikiliza Kiingereza asichokijua kana kwamba anahakikisha kwamba kweli kimo.

"Sasa niwekee yako," alisema.

Nasike aliweka yake. Ikajaa kibanda kizima.

"Nilikuwa nimechelewa," alieleza. "Alikuwa anakimbia, mimi nikabaki sentensi moja nyuma, nikajazia vile wahubiri husema. Nimekuwa nikijazia mwaka mzima. Daktari aliniambia niwaambie waende polepole, nikaona aibu. Nisamehe, Mbeke."

Mbeke aliuweka vizuri mkono wa plasta mapajani.

"Unajua, mwalimu, huyo pasta mimi simjui," alisema. "Hata mwaka hajamaliza hapa. Angesema yeye peke yake, ningeenda nyumbani nikafikirie. Mimi nilifungua mlango juu sauti ilikuwa yako."

Hapo Nasike alilia, kwa kelele, kama mtu aliyefiwa. Mbeke hakumbembeleza wala hakumfukuza. Alimwachia alie hadi akamaliza, kisha akasema, "Hiyo kanda iache hapa."

Jumamosi wazee wa Machakos walikuja, wakanywa chai, wakasema maneno mazuri marefu. Jirani aliyekuwapo ndiye aliyesimulia. Mbeke aliwasikiliza hadi mwisho, akajibu kwamba yeye amekwisha kumsamehe Maweu, tangu jana. Kesi haitoki. Kisha akapiga mfuko wa aproni kwa mkono wa kushoto, na wazee hawakuelewa alikuwa anawaonyesha nini.

Jioni ile ile Nasike alikuwa kwa pasta. Pasta Sydney alikuwa amekonda kwa siku mbili, maana minong'ono ilikuwa imemfikia.

"Mwalimu, kwani nilisema nini?" aliuliza kabla hata hajamkaribisha kiti.

"Ulisema vizuri. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

Akamweleza yote. Pasta alisikiliza kichwa mikononi.

"Ningeenda polepole," alisema. "Ungeniambia tu, ningeenda polepole."

"Ndiyo. Ningekuambia."

Pasta alipendekeza watangaze kwamba mwalimu anapumzika kidogo, na Makena, msichana wa kwaya anayefanya kazi saiba, kwenye duka la intaneti, atashika nafasi. Hakuna haja ya mengi. Alipendekeza hivyo kwa heshima, na Nasike alikuwa amechoka na heshima.

"Hapana, pasta. Kosa lilitoka kwa kipaza sauti. Litarekebishwa kwa kipaza sauti."

Kwa hiyo Jumapili alisimama peke yake mbele, na karatasi. Aliwaambia kwamba wiki mbili zilizopita pasta alisema hivi, na yeye akawaambia vile, na kwamba hayo yake hayakutoka kwa pasta wala hayakuwa kwenye andiko. Alizisoma zile sentensi nne za pasta taratibu, neno moja moja, kama imla. Kisha akawageukia wale wa safu nne za kushoto.

"Nyinyi mlisikia," aliwaambia. "Siku nyingine mtu akipotea mbele yenu, mwambieni. Hata akiwa mwalimu."

Akampa Makena kipaza sauti, akashuka. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Katoo peke yake alimshika mkono alipopita, akamwachia.

Alikaa kiti cha tano, upande wa akina mama. Tangu mwaka wa tisini na mbili hakuwa amewahi kuwaona wahubiri kutoka upande huo, na alishangaa jinsi walivyo wadogo. Baada ya muda mtu alikuja akaketi kando yake. Alikuwa Mbeke, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Hawakusalimiana. Mbeke aliweka Biblia mapajani kwa mkono wa kushoto, akatazama mbele.

Pasta alianza. Alikuwa anajitahidi kwenda polepole, lakini alipopata moto alijisahau, na Makena naye akapata moto, msichana mwepesi, kila sentensi anaidaka hewani. Nasike alifurahi kumsikia na pia iliuma, vyote viwili. Kisha pasta alisema jambo kuhusu watoto na wazazi wao, Makena akalitoa kwa Kiswahili kizuri, na kanisa likachangamka.

Mbeke aliegemea upande wake.

"Amesema hivyo kweli?" alinong'ona.

Nasike alikuwa bado anaipanga ile ya kabla yake. Jibu la haraka lilikuwa ulimini, tayari limekamilika, lile ambalo wahubiri husema kuhusu watoto na wazazi. Alilimeza.

"Sijui," alisema. "Sikushika. Tukitoka tutamuuliza."

Mbeke aliitikia kwa kichwa. Kanisa zima likasema amina. Wao wawili walingoja.